Jani Nililoliita Pambo

Mwanangu, ipo siku moja ambayo nimejaribu kuisahau kwa zaidi ya miaka arobaini, na imenikatalia. Ilikuwa Alhamisi alasiri, manyunyu yameshakatika, na mimi nina miaka kumi na tisa na kiburi cha kunitosha mimi na ukoo wangu mzima. Siku hiyo nilisema uongo mmoja. Ulikuwa uongo mdogo, wala sikuusema ili kumdhuru mtu. Lakini mzee wa watu aliubeba mpaka kaburini.

Nisingelitaja jambo hili, maana aibu ya mtu mzima ni nzito kuliko ya kijana. Ila Jumapili iliyopita mjukuu wangu Anna alikuja hapa kwangu Lemara na wageni wawili. Anna ni mkalimani kwenye mikutano ya hapa mjini, ile inayoleta watu wa kila taifa, na huwa ananiambia, "Bibi, sisi sasa ni raia wa dunia." Sawa. Nikawawekea wageni loshoro, chakula chetu cha mahindi na ndizi kwenye maziwa mgando, niliyoihangaikia tangu Jumamosi. Mgeni mmoja akauliza hiki ni nini. Anna akacheka kwa haya, akasema, "Ah, ni yogati tu ya kienyeji." Loo! Nilitamani sakafu ipasuke. Wageni walikula vizuri, wakashukuru, wakaenda zao, na mimi nikabaki kwenye kochi kama mtu aliyepigiwa simu ya msiba. Anna akadhani nimenuna kwa ajili ya chakula. Sikununa kwa ajili ya chakula. Nilimwona Nsia wa zamani, na Nsia huyo ni mimi.

Basi nisikilize, na usinikatize, mdomo wangu ukishakaa kimya haufunguki tena kwa urahisi.

Nilizaliwa Umeruni, huko juu mlimani, ukitoka Maji ya Chai unapanda mpaka migomba inaanza kukufunika. Nilikuwa msichana wa kwanza wa kijiji chetu kumaliza sekondari, na Kiingereza changu kilikuwa kinanitoka puani. Alipokuja mwanamke mmoja wa Ulaya kusaidia wakulima wa kahawa, wazee wa usharika wakasema Nsia ndiye atakuwa mdomo wake. Aliitwa Karini. Alikuwa mwembamba, mchapakazi, hana mume wala mtoto, na Kiswahili chake kilikuwa habari, asante na kwaheri. Kahawa yetu wakati ule ilikuwa inaliwa na chulebuni, ule ugonjwa unaoozesha buni zikiwa bado mbichi mtini. Karini alipita shamba hadi shamba akichota udongo, akichomeka vijiti, akiandika kila mti kwenye daftari kubwa lenye jalada jeusi. Aliandika mwaka mzima.

Wazee wakawa wananiuliza, "Nsia, hivi vijiti ni vya nini?" Swali la halali kabisa. Kuuliza si ujinga. Nami nikajibu, Mungu anisamehe, "Ni mambo ya kitaalamu, baba. Hamtayaelewa."

Ungesikia sauti yangu! Ningeweza kuwaeleza kwa dakika kumi. Lakini nilipenda kuwa mtu pekee anayejua.

Sasa, kulikuwa na Mzee Elisaria. Huyu alikuwa mzee wa kanisa, mpole, mwenye kahawa safi kuliko wote na koti moja la kijivu la ibada. Lakini alikuwa na kidonda. Alipokuwa mtoto, wageni walikuja kwao na kamba na vijiti hivyohivyo, wakapima, na baadaye baba yake akaondolewa kwenye ardhi aliyoirithi. Mtu aliyeumwa na nyoka akiona ung'ongo hushtuka. Elisaria aliviona vijiti vya Karini kwenye kihamba chake, shamba lake la urithi, akaniuliza, nikamjibu jibu langu la kitaalamu. Akakaa nalo moyoni.

Jumapili moja baada ya ibada, watu wakiwa bado nje, Elisaria alimwendea Karini akamnyang'anya daftari mkononi. Akapaza sauti, yeye ambaye hata kwenye kikao hasikiki. "Huyu anatupima! Walianza hivi hivi!" Akalitupa daftari kwenye mfereji. Maji ya mfereji wetu, unayajua, yanatoka mlimani kwa kasi. Tulilipata mbali chini, limevimba, wino umeyeyuka. Karini alipiga magoti kwenye matope akalia mbele ya usharika mzima, mwanamke mtu mzima, kamasi zikimtoka. Watu wakatazama pembeni.

Wiki mbili baadaye akaja bwana shamba, kijana wa hukohuko kwetu, akawaeleza wazee kwa Kimeru vijiti vile ni vya nini: alama tu za miti iliyokuwa ikichunguzwa chulebuni. Alitumia dakika kumi. Elisaria alisikiliza mpaka mwisho, akavaa kofia yake, akaondoka bila kuaga.

Hapo ndipo inapokuja ile Alhamisi.

Unaujua mmea wa isale. Hata hapa mjini wanaupanda kwenye vyungu, hawajui wanapanda nini. Kwetu Wameru, na kwa ndugu zetu Wachaga vilevile, masale ndiyo mipaka ya vihamba, na ndiyo yanayopandwa makaburini. Na ukimkosea mtu kosa ambalo maneno hayaliwezi, unakata jani la isale, unalifunga fundo, unampelekea. Huna haja ya kusema mengi. Ukisema mengi ni kama unajitetea. Na anayeletewa isale hana ruhusa ya kukataa, hata kama umemuulia ng'ombe. Akilipokea kwa mikono miwili, yamekwisha. Akilitupa, amekwambia hatakusamehe mpaka mmoja wenu afe. Mimi sijapata kumsikia mtu wa kwetu aliyelitupa.

Karini alikuwa barazani kwake, amezianika kurasa zilizonusurika, anajaribu kunakili kilichosomeka. Mimi nipo kando yake namsomea. Elisaria akaingia uani. Amevaa koti la ibada siku ya Alhamisi. Kofia ameishika kwapani, na mikononi ana jani la isale lililofungwa fundo, ameliinua mbele ya kifua kama mtu anayebeba kikombe kilichojaa. Nilimwamkia, akaitika kwa kichwa. Akasema kwa Kimeru, maneno matatu tu: "Mwambie nimeleta isale."

Karini akaniuliza, "Anasemaje? Kile ni nini?"

Mwanangu, nakuambia ukweli wa moyo wangu. Nilijua kile ni nini. Nililijua isale kabla sijajua kusoma. Lakini niliona haya. Niliona jinsi itakavyosikika kwa Kiingereza: mzee huyu ameleta jani. Mzungu ameharibiwa kazi ya mwaka mzima, na sisi tunamletea jani lenye fundo! Atasema nini? Atatuona washenzi, na mimi niliyekaa naye meza moja atanihesabu humo humo. Haya yote yalipita kichwani kwa muda wa kumeza mate. Nikasema, "Amekuletea zawadi. Ni jani la mapambo."

Uso wa Karini ukawa mwekundu. Akasema, "Mapambo? Mwambie sihitaji mapambo. Nilitaka aseme amekosa. Hilo tu."

Hebu fikiri. Alikuwa anaomba kile kile alicholetewa. Kilikuwa hatua mbili kutoka kwake, kimeshikwa kwa mikono miwili, na katikati nimesimama mimi.

Nikamgeukia Elisaria nikamwambia kwa Kimeru, "Anasema asante. Amelipokea."

Karini alilichukua kwa mkono wa kushoto, maana wa kulia ulikuwa na kalamu, akaliweka kwenye kizingiti cha dirisha. Mzee akauona ule mkono. Akasita. "Amelipokea kwa moyo, binti yangu?"

"Kwa moyo, baba."

Basi akatabasamu. Akainama kidogo kwa Karini, akavaa kofia, akatoka pale anatembea kama amepunguziwa miaka. Mimi nikajipongeza! Nikaona nimetumia akili, nimewasuluhisha bila kujiaibisha. Mficha uchi hazai, wahenga walisema. Nilikuwa sijawaelewa.

Haikupita miezi mitatu Karini akaamua kurudi kwao kabla ya wakati wake. Alisema amechoka, na kwamba watu wetu hawajui kuomba radhi. Aliniambia mimi maneno hayo, nami nikaitikia kwa kichwa. Siku ya kuondoka alifagia nyumba, akatupa takataka kwenye shimo la nyuma, gari likamchukua asubuhi.

Saa nne hivi Elisaria akafika na mkungu wa ndizi begani. Alikuja kumuaga rafiki yake. Mimi nilikuwa nafunga madirisha. Nikamwambia, baba, umechelewa, ameshaondoka. Akasema haidhuru, akapitia nyuma ya nyumba kukata njia. Nikaona amesimama penye shimo. Akautua mkungu. Akashuka, mzee wa watu na magoti yake mabovu, akaingiza mkono katikati ya maganda ya viazi, akainuka na jani la isale. Lilikuwa limekauka, lakini fundo lilikuwa halijafunguka.

Nilisimama dirishani. Ningefungua mdomo wakati ule, yangekwisha palepale. Sikufungua. Alilifuta kwa kiganja, akalitia kwenye mfuko wa koti, akaenda. Ndizi aliziacha pale chini.

Jumapili ya Chakula cha Bwana hakwenda mezani. Alibaki kwenye benchi la mwisho, karibu na mlango. Jumapili nyingine ya Chakula cha Bwana vilevile. Watu walisema mzee anaumwa. Mchungaji alimfuata nyumbani, akamwambia Mungu amekwisha kumsamehe. Elisaria akamjibu, "Najua, mchungaji. Mungu hana shida. Ninayemngojea ni Karini." Maneno hayo yalienea kijijini, watu wakayacheka kidogo. Mimi sikucheka. Nilikuwa kwaya, sauti ya kwanza, na tunaposimama kuimba tunatazamana na mlango. Kila Jumapili nilimwona. Nikawa naimba nimefumba macho, watu wakisifu kwamba Nsia ana upako!

Aliketi pale miaka minne. Nami nikaolewa, nikahamia huku mjini, nikajisemea yamepita. Hayakupita. Mwenzako akibeba mzigo wako, wewe unatembea mikono mitupu na bado mabega yanauma.

Kisha akaumwa kweli, akatuma mtu aniite. Nikapanda. Nilimkuta kitandani amebaki mifupa, na kwenye meza, juu ya Biblia, lipo lile jani. Nikasema, shikamoo baba. Akasema, "Marahaba. Kaa. Nsia, nataka kukuuliza jambo moja kisha nipumzike. Siku ile, ulimwambia nini yule mama?"

Nikalia kwanza. Akaningoja nimalize. Nikamwambia yote, zawadi, mapambo, na kile Karini alichojibu. Akaniambia nirudie hapo, alijibu nini? Nikarudia: alisema anachotaka ni wewe useme umekosa, hilo tu.

Mzee akafumba macho. Nikaona machozi yanamshuka pembeni mpaka masikioni, maana alikuwa amelala chali. Nilidhani ni hasira. Akasema, "Kumbe hakulikataa."

"Hakulijua, baba."

"Miaka minne namwona kuwa ana moyo wa jiwe. Na yeye huko aliko ananiona mimi hivyo hivyo." Akavuta pumzi, ikamchukua muda. "Ulituonea haya, Nsia. Mimi sikuja pale kama mshenzi. Nilikuja kama mkosaji, na mkosaji ana njia yake ya kurudi, baba zangu waliichonga. Wewe ukasimama njiani, ukawaambia watu hakuna njia."

Hakupaza sauti. Heri angepaza. Nikashuka chini nikamshika miguu, nikaomba msamaha. Akasema, "Mimi nimekusamehe tangu ulipoingia na uso huo. Lakini sio mimi peke yangu uliyemkosea. Mwandikie. Mwambie nililoleta. Liite kwa jina lake, usilitafutie jina lingine."

Nikaandika usiku uleule, kurasa saba. Neno isale niliandika "isale", kisha nikaeleza. Ajabu ya Mungu, kwa Kiingereza lilieleweka vizuri tu. Kile nilichokiona kitachekesha hakikuchekesha hata kidogo.

Barua za zamani zilikuwa zinatambaa. Elisaria alikuwa akiuliza kila siku kama jibu limefika, mkewe alinieleza. Mchungaji alimletea Chakula cha Bwana kitandani, mzee akaomba kingoje kidogo. "Jibu liko njiani," alisema. Alikufa siku ya Jumanne. Jibu lilifika wiki ya tatu baada ya mazishi.

Nilifungua bahasha nikiwa nimesimama posta. Karini aliandika kwamba alisoma barua yangu mara nyingi, na kwamba amekuwa na uchungu na nchi yetu miaka yote hiyo kwa sababu ya mzee aliyeleta pambo badala ya neno. Aliandika, "Nami ningeweza kuuliza mara ya pili. Nilimwona ameshika lile jani kwa mikono miwili. Mtu hashiki pambo hivyo. Niliona, na sikuuliza, kwa sababu nilikuwa na hasira." Halafu chini kabisa: "Huku kwetu isale halioti. Nimechukua nilichokipata mlangoni kwangu. Tafadhali mpelekee, na umwambie nimekosa kulitupa lake."

Ndani ya karatasi iliyokunjwa kulikuwa na jani la nyasi, refu, limekauka. Limefungwa fundo.

Nililipeleka, mwanangu. Nililipeleka kwenye kaburi lake. Walikuwa wamepanda masale kwenye pembe zote nne na yalikuwa yameanza kushika. Nikapiga magoti nikalifunga lile jani la nyasi kwenye isale la upande wa kichwani, nikasema kwa Kimeru, kwa sauti, wajukuu zake wakinishangaa: "Baba, Karini ameleta isale." Nikangoja. Sijui nilikuwa nangoja nini. Upepo ulikuja, migomba ikasikika, na hapakuwa na mtu wa kupokea.

Hayo ndiyo niliyomwambia Anna Jumapili ile, na ndiyo ninayokuambia wewe, popote utakapokuwa unasimama kati ya mtu na mtu. Siku hizi hata simu zinafasiri. Sawa, zifasiri. Lakini simu haioni haya, na haya ndiyo iliyoniponza mimi. Usimpunguze mzee wako ili mgeni akuone umeendelea. Mgeni hakuomba apunguziwe. Akiuliza hiki ni nini, mwambie jina lake kwanza, halafu maana yake, na asipoelewa mwambie tena. Na wewe ukiwa mgeni kwa watu, ukaona mtu ameshika kitu kwa mikono miwili, uliza mara ya pili hata kama umekasirika, hasa kama umekasirika. Kila jamii duniani ina njia yake ya kusema nimekosa. Wengine huinama, wengine huleta chakula, wengine hufunga fundo. Uraia wa dunia unaousikia mikutanoni, kwangu mimi ni huo: kuyajua yale ya kwenu bila kuyaonea aibu, na kuyauliza ya wenzako bila kuyacheka. Anayejiita raia wa dunia huku anapaficha kwao ni mpangaji tu. Na wazee wakikuuliza, waeleze. Usiwaambie hawataelewa. Dakika kumi, mwanangu, zingeniokolea mambo haya yote.

Anna alichukua simu akawaandikia wale wageni, akanisomea: kile mlichokula kwa bibi yangu kinaitwa loshoro, nami niliwadanganya. Wakajibu wanataka kuja tena. Nikamwambia waje.

Basi nakuombea. Mungu wa baba zetu akupe ulimi usioukana ukoo wako, na masikio yasiyochoka na ya wenzako. Akupitishe salama katika nchi za watu, na watu wapite salama katika nchi yako. Na siku utakapokosa, maana utakosa, nakuombea umkute uliyemkosea akiwa bado hai.